Nimefurahi kuhama, na furaha hiyo imenitisha

Kwako Bi Mshauri,

Shikamoo. Nimeisoma safu hii kwa muda mrefu nikidhani kwamba matatizo ya ndoa ni ya wale wanaopigwa, wanaosalitiwa au wanaonyimwa matumizi. Kwangu halipo hata moja kati ya hayo, na ndiyo sababu nimeona aibu kumweleza mtu.

Nina miaka 46, mume wangu ana 53. Tulifunga ndoa mwaka 2003 hapa Tanga na Mungu ametujalia watoto watatu. Mimi ni mhasibu serikalini, yeye ana duka la vipuri vya pikipiki Ngamiani. Katika miaka ya mwanzo alikuwa akinipakia kwenye keria ya baiskeli jioni tunakwenda Raskazone, tunanunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na kukaa tunatazama bahari hadi karibu na adhana ya magharibi. Alipokuwa akienda Dar es Salaam kufuata mzigo, na wakati huo kupiga simu kulikuwa ghali, alikuwa ananibipu kila kituo: Segera, Chalinze, Ubungo. Nilikaa na simu mkononi nikiifuata safari yake kwa bipu hizo, na ile ya mwisho ikichelewa moyo ulinienda mbio.

Siku hizi akisafiri ananipigia, lakini ni kuuliza kama umeme unatosha, kama geti limefungwa, kama fundi wa bomba amekuja. Mazungumzo yetu yote ukiyaandika yanaingia kwenye daftari la matumizi. Jina langu sijalisikia kinywani mwake siku nyingi. Mimi ni Mama Fulani, naye ni Baba Fulani. Watoto walipokuwepo sikuligundua hilo kwa sababu nyumba ilikuwa na kelele. Sasa wa kwanza ana kazi Dar, wa pili yuko chuo Mwanza, na Julai iliyopita kitinda mimba wetu alikwenda kuanza kidato cha tano, bweni, mkoani Kilimanjaro. Tumebaki wawili, na usiku tukila nasikia jokofu linavyonguruma.

Miaka miwili iliyopita aliishiwa nguvu akiwa dukani, akapelekwa hospitali, akaambiwa ana presha. Tangu hapo anameza dawa kila asubuhi na amepunguza chumvi, na ninamshukuru Mungu kwamba anajitunza. Duka limesimama vizuri, nyumba tumemaliza kujenga, hatudaiwi na mtu.

Somo yangu, yule aliyenifunda kabla ya harusi, sasa ni bibi mzee. Nilipomdokezea alicheka, akasema mapenzi ya kutazamana machoni ni ya miaka mitatu, kinachobaki baada ya hapo ni kuvumiliana. Rafiki yangu wa kazini yeye aliniambia ninakufuru: mume halewi, hapigi, hana nyumba ndogo, nataka nini tena? Na kweli hana. Anatoka dukani anakwenda msikitini, anatoka msikitini anakuja nyumbani. Kuna siku nimefikia kutamani angekuwa na mwanamke mwingine, walau ningejua ninashindana na nani. Nisisahau pia: tangu mwaka juzi analala chumba cha watoto. Anasema feni ya chumbani kwetu inamletea kifua. Sikubisha.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Mwezi uliopita mkuu wangu wa idara aliniita, akaniuliza kama niko tayari jina langu lipendekezwe kuhamia wizarani Dodoma, kwenye nafasi kubwa kuliko niliyonayo, kuanzia mwaka mpya wa fedha mwezi wa Julai. Anataka jibu kabla ya mwisho wa Mei. Bi Mshauri, nilipotoka ofisini kwake nilikuwa natembea kama msichana. Nilianza kupanga akilini chumba na sebule, kitanda kidogo, jiko la gesi la plati mbili, na katika mpango wote huo mume wangu hakuwemo. Nilipolitambua hilo nilishtuka. Jioni nikamweleza habari ya uhamisho. Akasema, “Nenda tu, riziki haikataliwi,” kisha akaongeza sauti ya taarifa ya habari. Niliingia jikoni nikalia, na hadi leo sijui kama nililia kwa sababu ameniruhusu au kwa sababu hakunizuia.

Sheikh aliyetufungisha ndoa alitusomea aya isemayo kwamba Mwenyezi Mungu amejaalia mapenzi na huruma baina ya mume na mke. Huruma ninaiona. Mapenzi yamekwenda wapi? Yakishaisha hurudi, au anayeyangoja anajidanganya? Na je, niende Dodoma?

Mama wa Watatu, Tanga

JIBU

Marahaba, mdogo wangu, na pole. Kabla ya lolote niseme kwamba rafiki yako wa kazini hakukutendea haki. Mume kutokupiga si hisani ambayo mke anapaswa kuilipia kwa kunyamaza. Ni mahali ambapo ndoa yoyote inatakiwa ianzie. Mtu anaweza kuwa na nyumba iliyokwisha, watoto waliosoma na mume mwema, na bado akawa mpweke, na upweke wa namna hiyo ni mgumu kuueleza kwa kuwa hauna mkosaji. Nadhani mkosaji ndiye uliyekuwa ukimtafuta ulipotamani awepo mwanamke mwingine.

Nikikuelewa vyema, umeniletea maswali matatu yaliyofungwa kitita kimoja. La kwanza ni kama mapenzi yenu yamekwisha. La pili, ambalo hukuliandika waziwazi lakini limejaa katika barua nzima, ni kama mume wako bado anakutaka. La tatu ni Dodoma. Yote matatu umeyajibu kwa ushahidi mmoja, yaani furaha uliyotoka nayo ofisini kwa mkuu wako, na hapo ndipo ninapoomba tuende polepole.

Furaha ile umeipokea kama hati ya mashtaka dhidi ya ndoa yako. Mimi ninaona na mengine ndani yake. Umefanya kazi kwa miaka mingi, kisha mtu mwenye mamlaka amekuita akakwambia unafaa kwa nafasi kubwa zaidi. Hilo peke yake linatosha kumfanya mwanamke wa miaka 46 atembee kama msichana. Halafu kitazame tena kile chumba ulichokipanga. Humo hakuna mume, ni kweli, lakini hakuna pia ada za shule, hakuna geti, hakuna fundi wa bomba, hakuna chungu cha kupikwa bila chumvi. Inawezekana kwamba aliyechoka ndani yako ni msimamizi wa nyumba, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 hajapewa likizo hata moja, naye akaona mlango umefunguliwa. Inawezekana pia kwamba ni mke aliyechoka. Wewe umeruka moja kwa moja kwenye jibu la pili, na majibu haya mawili yanakupeleka sehemu tofauti kabisa.

Kuhusu mapenzi yenyewe, somo yako hakubahatisha aliposema miaka mitatu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Dorothy Tennov, aliyekusanya maelezo ya mamia ya watu juu ya hali ya kupenda, aliandika mwaka 1979 kwamba ule wazimu wa mwanzo, wa kumwaza mtu usiku kucha na kutafuta maana katika kila anachofanya, kwa kawaida hudumu kati ya miezi 18 na miaka mitatu. Alieleza pia kinachoulisha, nacho ni shaka. Bipu ya Ubungo ilikusisimua kwa sababu ingeweza isije. Leo unajua kwamba atafika na atapiga, na jambo unalolijua halikukoseshi usingizi. Kwa hiyo utulivu wako wa sasa, kwa sehemu fulani, umeletwa na mume wako mwenyewe kwa kuwa mtu wa kutegemewa, ingawa ninakubali kwamba ni malipo mabaya kwa mtu wa kutegemewa.

Lakini somo yako na mimi tunaachana njia pale anaposema kwamba kinachobaki ni kuvumiliana. Bianca Acevedo, Arthur Aron na wenzao walichapisha mwaka 2012 uchunguzi wa watu 17 waliokuwa wameishi katika ndoa kwa wastani wa miaka 21, wote wakisema kwamba bado wanawapenda mno wenzi wao. Walipigwa picha za ubongo huku wakitazama sura za wenzi hao, na sehemu ambazo huamka kwa watu walio katika mapenzi mapya ziliamka kwao pia, pamoja na zile zinazohusishwa na utulivu wa kushikamana. Watu 17 ni wachache, tena walichaguliwa kwa sababu walijieleza hivyo, kwa hiyo sitakwambia kwamba ndoa nyingi ziko namna hiyo. Ninachokwambia ni kwamba jambo hilo lipo duniani, na anayelitamani hakufuru.

Uchunguzi mwingine unakugusa kwa karibu zaidi. Wanawake waliosoma chuo cha Mills, California, walifuatiliwa kwa miaka 18, tangu walipokuwa na miaka 40 na kitu hadi walipopita 60, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba watoto walipoondoka nyumbani, wanawake hao waliridhika zaidi na ndoa zao. Sababu haikuwa wingi wa muda waliokaa na waume zao. Muda huo ndio uliokuwa mtamu zaidi kuliko zamani. California si Tanga, na huko shangazi na wapwa hawaingii nyumbani bila kubisha hodi. Ninauleta kwa sababu umeusikia mngurumo wa jokofu ukauchukulia kuwa mwisho umejitokeza, ilhali mwanao wa mwisho hajamaliza hata mwaka tangu aondoke. Bado mko katika kipindi ambacho wanandoa wengi hawajui wakae sebuleni au waende kulala.

Sasa niguse jambo lililonifanya niisome barua yako upya. Umeandika kwamba miaka miwili iliyopita mumeo aligundulika ana presha na kuanza dawa. Baada ya kupita kwa somo na kwa rafiki yako, ndipo ukasema “nisisahau”, na kutaja kwamba tangu mwaka juzi amehamia chumba cha watoto kwa sababu ya feni. Mambo haya mawili yametokea wakati mmoja, nawe hukuyaunganisha. Huenda hayaunganiki. Lakini presha yenyewe huathiri mishipa ya damu, na baadhi ya dawa zake, hasa baadhi ya zile za kuongeza mkojo na zile za kupunguza mapigo ya moyo, zinajulikana kwamba huweza kupunguza nguvu za kiume kwa baadhi ya wanaume. Wengi hawaambiwi hivyo hospitalini, na wao hawaulizi. Mwanaume wa miaka 53 ambaye mwili wake umeanza kumwangusha anaweza kabisa kubeba mto wake na kuisingizia feni kabla hajatamka neno moja mbele ya mkewe. Kama ndivyo, basi kile ulichokisoma kuwa ni kukukinai, kwake ni aibu.

Mimi sijui, na wewe hujui. Anayejua ni yeye. Kama hilo ndilo tatizo, daktari anaweza kubadili dawa au kiasi chake. Asiache kumeza dawa kwa uamuzi wake, wala asinunue vidonge vya kuongeza nguvu mitaani, kwa sababu vidonge hivyo vikikutana na baadhi ya dawa za moyo vinaweza kushusha presha ghafla hadi kuhatarisha maisha. Nawe pia usijisahau. Katika barua nzima umeueleza mwili wake na hukusema lolote kuhusu wako, ilhali umeingia umri ambao wanawake wengi huanza kuelekea ukomo wa hedhi, na mabadiliko hayo hugusa usingizi, hamu na hata namna mtu anavyoyaona maisha yake.

Nirudi kwenye zile simu. Ninapokea barua za wanawake ambao waume zao wakishavuka daraja la Wami tu hawapatikani tena. Wako yuko Dar, usiku, na anauliza kama geti limefungwa. Mtu anayeuliza hivyo mawazo yake yamebaki nyumbani, kwa aliyelala peke yake humo ndani. Hata hivyo tafadhali usinisome kana kwamba ninakuamuru uridhike na makombo. Mke anaweza kupendwa kwa kuuliziwa geti na bado akahitaji kusikia jina lake likitamkwa, na ni haki yake kulihitaji. Ninachojiuliza ni kama umewahi kumwomba. Somo umemweleza, rafiki umemweleza, mimi umenieleza. Yeye umemweleza habari ya uhamisho tu, tena taarifa ya habari ikiendelea. Alipohama chumba, kwa maneno yako mwenyewe, hukubisha. Je, haiwezekani kwamba naye, kule chumba cha watoto, ameusoma ukimya wako kama wewe unavyoisoma ile “nenda tu” yake? Huenda alimaanisha kwamba hajali. Huenda pia ni mwanaume aliyeapa kutokuwa kizuizi cha riziki ya mkewe, nasi sote tunawajua walio vizuizi. Au alijikinga, kwa kuwa aliyekwambia uende hawezi kuumia kwa kuachwa.

Neno talaka sijaliona katika barua yako, nami sitaliingiza.

Dodoma, basi. Ukienda peke yako, kwanza hesabu gharama za nyumba mbili, wewe ni mhasibu na sina la kukufundisha hapo. Kisha hesabu barabara: basi la Tanga hadi Dodoma linakula siku nzima, na ahadi ya kurudi kila wikendi huwa ni ya wiki za mwanzo tu. Wapo wanandoa ambao umbali umewarudishia hamu, kwa sababu ile shaka niliyoitaja hurejea kidogo. Wapo pia waliogundua kwamba kila mmoja anaweza kuishi vizuri bila mwenziwe, wakazoea. Kwa nilivyowaona, kilichowatofautisha mara nyingi ni yale waliyoambiana kabla ya mizigo kufungwa. Ukiondoka hali hakuna aliyesema kitu, ukimya wenu utapata tu sababu ya kuonekana wa kawaida.

Mkihama wote, yeye ndiye atakayeacha wateja wanaomjua, msikiti wake na kliniki yake, aanze upya ugenini akiwa na miaka 53. Anaweza kumkabidhi mtu duka, lakini unajua duka la vipuri linavyokuwa mwenyewe akiwa mbali.

Ukikataa, lina uzito wake pia. Una miaka 14 kabla ya kustaafu kwa lazima ukiwa na 60, na mafao yako yatakokotolewa kutokana na mishahara yako, kwa hiyo nafasi hii si suala la heshima peke yake. Kinachonitia hofu zaidi ni kukataa kimyakimya, kwa ajili ya mume ambaye hajui amekataliwa nini. Mke wa namna hiyo hubaki na deni asilolitaja, akawa analidai kila siku kwa vitu vidogo, naye mdaiwa hajui hata alikopa lini. Kama utabaki, naomba ubaki yeye akiwa anajua ulichokiacha na kwa nini. Unaweza pia kumuuliza mkuu wako kama jina lako linaweza kusubiri mwaka mwingine wa fedha. Jibu linaweza kuwa hapana, lakini kuuliza hakukufungi.

Lolote utakaloelekea, lipo zungumzo ambalo ningependa litangulie mwisho wa Mei. Litafutie saa ambayo televisheni imezimwa, na ikiwezekana muwe mnatembea, kwa sababu watu waliozoea kunyamaza husema kwa urahisi zaidi wakiwa bega kwa bega kuliko wakikabiliana mezani. Raskazone bado ipo, ila usimpeleke kule kumdai mume wa mwaka 2003. Naye ana haki ya kutokushindanishwa na kijana wa baiskeli. Sentensi kama “hunipendi tena” itamfanya ajitetee. Mweleze mambo ambayo hayajui: kwamba ulilia jikoni, kwamba unamtaka arudi chumbani na feni inaweza kuhamishwa, kwamba jina lako umelikosa. Kama umwambie pia kwamba katika ndoto yako ya Dodoma hakuwemo, hilo nakuachia wewe. Ni kweli, na linaweza kumwamsha, lakini linaweza pia kumchoma mahali ambapo presha imeshapachubua.

Jiandae kwamba huenda asijibu siku hiyo, au akalifanya utani. Huenda pia akakwambia kwamba na yeye amekuwa mpweke, na hilo linaweza kukuuma kuliko ulivyotarajia. Likiwashinda wawili, mfikirieni mshenga wenu kama yu hai na ana busara, au mshauri wa ndoa asiye ndugu wa upande wowote. Somo yako mpende na umtembelee, lakini suala hili tayari ameshalitolea hukumu.

Siku yake ya kliniki ikifika, omba umsindikize, na mkiwa njiani mwachie yeye aamue kama utaingia naye kwa daktari. Na siku mtakapozungumza, akisema tena “nenda tu”, muulize yeye mwenyewe angependa nini, kisha usimsaidie kujibu.